Msuko Huanzia Kwenye Paji la Uso

Saluni nyingi za wanawake Dar es Salaam zina ukuta wa picha za misuko. Mteja anaonyesha kwa kidole, anachagua, anaketi. Lakini picha ile ina uso wa mtu mwingine. Saa tano baadaye anainuka na msuko uliosukwa kwa ufundi, ila mashavu yanaonekana mapana kuliko alivyoingia nayo, au uso umerefuka.

Umbo la uso linapimika nyumbani. Rudisha nywele zote nyuma, chukua futi ya fundi cherehani, upime upana wa paji, wa mashavu na wa taya, kisha urefu kutoka nywele zinapoanzia hadi kidevuni. Urefu na upana vikikaribiana, uso ni wa duara, au wa mraba kama taya zina kona. Urefu ukizidi upana kwa takriban nusu, uso ni wa yai. Ukizidi zaidi ya hapo, ni mrefu.

Magazeti ya urembo yakishapima hivyo, hutaka kila uso usogezwe ufanane na yai. Hapo siafikiani nayo. Pwani yetu imemsifu mrembo kwa kumfananisha na mwezi wa kumi na nne, na mwezi huo ni duara. Mwenye uso wa duara hana kasoro ya kuficha. Ana uamuzi wa kufanya, jicho la anayemtazama lielekee wapi.

Uamuzi huo msusi anaujua kuliko mwandishi wa gazeti, kwa sababu ushauri mwingi uliandikwa kwa nywele za singa, ambazo huanguka zinakotaka. Zetu huelekezwa. Mistari inayopanda pande zote na kukutana utosini huinua jicho, na uso wa duara hupata urefu. Mistari hiyohiyo kwenye uso mrefu huongeza kilichokuwepo tayari; huyo namshauri mistari ya kwenda upande, au rasta fupi zinazoishia tayani. Mwenye mashavu mapana aepuke ncha zinazokomea shavuni. Zipite mabega, mbili tatu ziachwe mbele ya masikio. Taya zenye kona hulainishwa na mawimbi na njia ya pembeni.

Asiyejua pa kuanzia asuke twende kilioni, mistari iliyonyooka kutoka kwenye paji hadi kisogoni. Haifichi chochote. Ukikaa nayo wiki moja utaujua uso wako.

Lakini msuko wowote, kwa uso wowote, unategemea ukingo wa nywele, pale kwenye paji na kando ya masikio. Ukingo ndio fremu ya uso. Ukishakatika, paji hupanuka na vipimo vya futi hubadilika. Mimi nilipoteza wa upande wa kushoto nikiwa na miaka ishirini na sita, baada ya miaka ya rasta nzito zilizovutwa hadi nikashindwa kulaza kichwa kwenye mto. Nilivumilia kwa sababu nimelelewa na methali ya atakaye uzuri sharti adhurike. Kwa nywele, methali hii inatudanganya. Maumivu yale na vipele vinavyofuata ni mzizi wa unywele unaong'olewa polepole. Ukipumzishwa mapema huota tena, ukiendelea kuvutwa kwa miaka, pale panabaki kovu.

Madaktari walilieleza tatizo hili tangu 1907, kwa wanawake wa Greenland waliofunga nywele kwa kukaza, kwa hiyo si laana ya nywele za kipilipili. Na si dogo: utafiti wa Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake huko Cape Town, uliochapishwa 2007, uliwakuta nalo takriban theluthi ya wanawake waliopimwa.

Sasa nikiketi, neno la kwanza ninalomwambia msusi ni kwamba malaika, vile vinywele laini vya ukingoni, vibaki nje ya msuko, na mistari ya mbele ianze na rasta chache. Umbo la uso tunalizungumza baadaye. Kabla sijainuka nainua nyusi mara mbili mbele ya kioo. Ngozi ya paji ikigoma kukunjamana, tunafumua mistari ya mbele, hata kama jua limeshazama.