Walatino na Neno "Mchango"

Wazee wa pwani yetu waliijua sarafu moja ya fedha waliyoiita reale ya mzinga. Upande wake mmoja ilichorwa nguzo mbili, na kwa kuwa nguzo hizo ziliwaonekania watu kama mizinga, wakaipa jina hilo. Ilikuwa sarafu ya Hispania, na nyingi katika hizo zilipigwa Meksiko kwa fedha iliyochimbwa katika milima ya huko huko. Ilizunguka ulimwengu mzima, ikapita mikononi mwa Wachina, Wahindi na Waarabu, hata ikafika kwenye bandari zetu.

Wasiyoyajua wengi ni kwamba sarafu hiyo hiyo ilikuwa pesa halali ya Marekani. Dola ya Marekani ilipowekewa sheria mwaka 1792 ilipimwa kwa thamani ya reale hiyo, na Wamarekani waliendelea kulipana kwa reale za Kihispania, sheria ikiziruhusu, mpaka mwaka 1857. Basi hata hiyo dola inayotajwa kila pembe ya dunia ina mama aliyeizaa, na mama huyo alikuwa akisema Kihispania.

Nimeitanguliza habari ya sarafu kwa makusudi. Huko Marekani pana mjadala wa siku nyingi juu ya watu wanaoitwa Walatino, yaani wale ambao asili yao ni Meksiko, Puerto Rico, Cuba na nchi nyinginezo za Amerika ya Kati na ya Kusini. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 iliwakuta milioni 62.1, karibu mtu mmoja katika kila watano. Serikali imewatengea mwezi wao. Rais Johnson alianzisha wiki moja mwaka 1968, na Rais Reagan akaifanya mwezi mzima mwaka 1988, kuanzia Septemba 15, siku ambayo nchi tano za Amerika ya Kati huadhimisha uhuru wao. Katika mwezi huo hotuba hutolewa, ngoma huchezwa, vyakula huandaliwa, na neno linalorudiwa kuliko yote ni "mchango": mchango wa Walatino kwa taifa la Marekani.

Mimi neno hilo lanitia shaka. Sisi tunajua mchango ni nini. Mchango hutolewa na jirani kwa arusi ya jirani yake, au na rafiki kwa matanga ya rafiki. Jina lako likaandikwa daftarini, ukashukuriwa, ukala pilau, ukaenda zako kwako. Mwenye nyumba hachangi nyumbani mwake. Mtu akikusifu kwa mchango wako, amekwisha kukuonyesha upole upole kwamba nyumba si yako.

KABLA YA MAYFLOWER

Watoto wa Marekani aghalabu hufundishwa kwamba nchi yao ilianza na merikebu iitwayo Mayflower, iliyoshusha Waingereza huko Plymouth mwaka 1620. Waliosoma zaidi hurudi nyuma mpaka Jamestown, mwaka 1607. Lakini mji wa St. Augustine, katika Florida, uliasisiwa na Wahispania mwaka 1565, miaka 42 kabla ya Jamestown, na haujahamwa tangu siku hiyo. Santa Fe ulikuwa makao ya gavana kufikia mwaka 1610, Mayflower haijatweka tanga.

Los Angeles nao, mji wa sinema, ulianzishwa mwaka 1781 na watu 44 waliotoka pande za Meksiko, wazazi na watoto wao. Zaidi ya nusu yao walikuwa na damu ya Kiafrika. Jambo hili mimi huliona tamu kulisema, maana filamu zilizotoka katika mji huo kwa miaka na miaka hazikupata kutuonyesha waanzilishi wa namna hiyo.

Wala nisije nikaeleweka vibaya. Wahispania nao hawakuikuta nchi tupu. Wenyeji wa asili walikuwako, wakanyang'anywa na kutumikishwa, na mwaka 1680 watu wa makabila ya Pueblo waliinuka wakawafukuza Wahispania wote Santa Fe kwa muda wa miaka 12. Anayetaka historia ikamilishwe hana budi kukubali ukurasa huo pia.

Mwaka ule ule wa 1781, Wamarekani wakipigania uhuru wao, gavana Mhispania wa Louisiana, Bernardo de Gálvez, aliuteka mji wa Pensacola kutoka mikononi mwa Waingereza, akawapokonya pwani ya kusini. Bunge la taifa hilo changa liliazimia mwaka 1783 kwamba picha yake itundikwe ukumbini. Ilitundikwa mwaka 2014. Miaka 231 kutundika picha moja!

Ucheleweshaji huo si wa picha peke yake. Smithsonian, ile taasisi kubwa ya makumbusho ya taifa mjini Washington, iliunda kamati kuchunguza jinsi inavyowashughulikia Walatino. Taarifa yake ya mwaka 1994 ilisema wazi kwamba walikuwa wamepuuzwa, na wamepuuzwa kwa kusudi. Tume ya kufikiria jumba lao ikaundwa mwaka 2008, sheria ya kulianzisha ikapitishwa Desemba 2020, na mwaka 2022 ukafunguliwa ukumbi mmoja ndani ya jumba jingine. Mwaka huo huo mahali pawili pakapendekezwa kwa jengo. Hadi mwaka 2025 ujenzi ulikuwa haujaanza, na wako wabunge waliotaka hata fedha zake zikatwe.

WATOTO WA MENDEZ

Kuna hukumu moja ya Mahakama Kuu ya Marekani inayojulikana hata huku kwetu, ile ya mwaka 1954 iliyosema kuwatenga watoto weusi na weupe mashuleni ni kinyume cha katiba. Isiyojulikana ni kesi iliyoitangulia.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, katika wilaya ya Orange, California, mwanamke mmoja aliwapeleka shule watoto wake pamoja na watoto wa kaka yake. Wake walikuwa weupe wa ngozi, wakakubaliwa. Wale wa kaka yake walikuwa weusi kidogo, na jina lao lilikuwa Mendez, wakaambiwa waende shule ya Wameksiko. Mama huyo akawashika mkono wote, akarudi nao nyumbani.

Baba yao, Gonzalo Mendez, alizaliwa Meksiko, na mama yao, Felicitas, Puerto Rico. Walikuwa wakilima shamba la kukodi, mali ya familia yenye asili ya Kijapani ambayo serikali ilikuwa imeitia kambini kwa sababu ya vita. Mwaka 1945 Mendez na wazazi wengine wanne walizishtaki wilaya nne za shule kwa niaba ya watoto 5,000 hivi. Wakashinda mwaka 1946, na mahakama ya rufani ikaithibitisha hukumu mwaka 1947. Chama cha NAACP cha watu weusi kilileta hoja zake kuwaunga mkono, na mmoja wa mawakili wake alikuwa Thurgood Marshall, yule yule aliyesimama katika kesi ya 1954. Gavana wa California aliyetia sahihi sheria ya kukomesha ubaguzi huo katika shule za jimbo lake alikuwa Earl Warren, na Warren ndiye aliyekuwa Jaji Mkuu aliyeisoma hukumu ya 1954.

Tazama basi jinsi uzi ulivyoshonwa. Mwafrika, Mmeksiko, Mpuerto Rico, na nyuma yao kivuli cha Mjapani aliyefungwa. Ukiufumua uzi mmoja nguo yote yaachana, ilhali vitabu vya shule kwa miaka mingi vilisimulia kipande kimoja tu. Binti wa nyumba hiyo, Sylvia Mendez, alipewa nishani ya juu ya taifa mwaka 2011.

KADHI WA CALIFORNIA

Aliyekaa chuoni akasoma kwa ubao hawezi kukisikia Kihispania bila masikio kusimama. Waislamu waliishi na kutawala katika nchi ya Hispania karibu miaka 800, na walipoondolewa maneno yao yalibaki. Sukari wao huiita azúcar, zaituni ni aceituna, na mtu akitamani jambo litokee husema ojalá, na humo limo jina la Mwenyezi Mungu, wasemaji wajue wasijue. Katika miji ya California na New Mexico ya zamani, aliyekuwa msimamizi wa mji na mwamuzi wa magomvi aliitwa alcalde. Huyo si mwingine ila kadhi wetu. Wamarekani walipoiteka California mwaka 1846 waliendelea na cheo hicho kwa miaka kadhaa, kwa hivyo kuna maafisa wa Marekani waliopata kuitwa makadhi bila kufahamu.

Neno jingine ni acequia, mtaro wa kupitishia maji mashambani, kutoka Kiarabu sakia. New Mexico na kusini mwa Colorado mitaro hiyo inaendelea kutumika hadi leo. Maji hugawanywa kwa zamu, pana mtu aliyechaguliwa kuzisimamia zamu hizo, na kila majira ya kuchipua wenye mashamba hutoka na majembe kuizibua pamoja. Mwaka wa ukame, hupungukiwa wote. Hii ni sheria ya maji iliyokuwako kabla ya bendera ya Marekani, na haikuletwa na mtu yeyote kama zawadi ya arusi.

HATI YA MWAKA 1863

Vita vya Marekani na Meksiko vilikwisha kwa mkataba uliotiwa sahihi Guadalupe Hidalgo, Februari 2, 1848. Meksiko ilipoteza zaidi ya nusu ya nchi yake na kulipwa dola milioni 15. Watu kadiri 80,000 au zaidi walilala Wameksiko wakaamka Wamarekani, na hawakuhama hata hatua moja. Mkataba uliahidi kwamba mali zao zitaheshimiwa. Lakini kifungu cha kumi, kilichohusu hasa ardhi walizogawiwa na serikali ya Meksiko, kilifutwa na Baraza la Seneti kabla ya kuidhinishwa. Yaliyofuata, msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa kirefu: kesi za lugha isiyo yao, mawakili waliolipwa kwa ardhi, na hati zilizosemekana hazieleweki.

Mfano ulio bora ni wa San Luis, mji mkongwe kuliko yote ya Colorado, ulioanzishwa mwaka 1851. Mtaro wake wa maji ndio wenye haki ya kwanza ya maji katika jimbo zima, ya mwaka 1852. Ardhi ile, iliyokuwa nchi ya Wayuti, ilikuwa imegawiwa na serikali ya Meksiko mwaka 1844, na mwishowe ikaangukia kwa Carlos Beaubien, mzaliwa wa Kanada aliyechukua uraia wa Meksiko. Beaubien alitaka watu wa kuijaza. Akawaita kutoka New Mexico, akawapa vishamba vyembamba bondeni, na mwaka 1863 akawaandikia hati kwa Kihispania kwamba wote watafaidi malisho, maji, kuni na mbao, mradi mmoja asimdhuru mwenziwe.

Bila mlima, vishamba vile havikuwa na maana. Baridi ya huko ni ya theluji, na asiye na kuni hafiki majira ya kuchipua. Wakati wa joto mifugo hupandishwa mlimani ili bondeni palimwe. Ndivyo walivyoishi karibu miaka mia.

Mwaka 1960 Jack Taylor, mfanyabiashara wa mbao kutoka North Carolina, aliununua mlima, ekari 77,000 hivi, akaufunga. Akaenda katika mahakama ya serikali kuu kutaka itangazwe kwamba hakuna mwingine mwenye haki humo, na akapata. Mwaka 1981 wenyeji wakafungua kesi mpya katika mahakama ya jimbo. Kesi ikapanda ikashuka, Taylor mwenyewe akafa, watoto wakashika mahali pa baba zao, na tarehe 24 Juni, 2002, Mahakama Kuu ya Colorado ikaamua kwamba wenyeji wana haki ya malisho, kuni na mbao. Haki za kuwinda na kuvua samaki hawakupewa, kwa kuwa hati haikuzitaja. Mwaka uliofuata mahakama ikaona pia kwamba katika ile kesi ya kwanza wenyeji wengi hawakuarifiwa ipasavyo. Tangazo gazetini halikutosha, ilhali majina yao yalikuwamo katika daftari za ardhi.

Majaji wale walilazimika kuisoma hati ya Kihispania, kuiuliza desturi ya Meksiko, na kutazama jinsi watu walivyoishi juu ya ardhi ile tangu kabla Colorado haijawa jimbo. Historia iliyokuwa ikiimbwa katika sherehe za mwezi mmoja iliingia mahakamani, ikatoka na mzigo wa kuni.

Orodha ya wenye haki ikatengenezwa shamba kwa shamba, na wenyewe wakapewa funguo za malango. Mlima uliuzwa tena mwaka 2017. Mmiliki mpya akaanza kujenga ua mrefu, na ugomvi wa ua huo ukafika mahakamani nao. Hati ni ile ile ya mwaka 1863.