Maua ya Mwitu kwa Ajili ya Nyuki wa Shambani

Mkulima wa Shinyanga na Geita, huenda umeona maboga machanga yakigeuka manjano, yakanyauka na kuanguka, hali mvua ilitosha. Watu hulaumu jua. Mara nyingi sababu ni kukosa nyuki. Mmea wa boga una maua ya kiume na ya kike mbalimbali, na chavua, yaani ule unga wa manjano, haina budi kuchukuliwa kutoka moja hata jingine. Upepo hauiwezi kazi hiyo, kwa kuwa unga huo ni mzito, nao hunata. Ua hufunguka alfajiri na kufumba siku ile ile. Nyuki asipofika, boga limepotea. Matikiti ni vivyo hivyo, na alizeti ikitembelewa na nyuki hujaza punje zaidi.

Walakini maboga huchanua majuma machache tu, na nyuki hawawezi kuishi kwa hayo peke yake. Basi yafaa kuwawekea maua ya mwitu kando ya shamba.

Tenga ukanda wa hatua tatu au nne, penye jua kutwa; chini ya mwembe hapafai. Kusanya mbegu mvua zikiisha. Ngitili, yale malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili mifugo ile wakati wa kiangazi, ni ghala njema ya mbegu. Omba ruhusa kwa mwenyewe. Ngitili nyingi zilikuwa zimetoweka, zikafufuliwa kwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986.

Mvua za kwanza zikinyesha, mwezi wa Novemba, kwaruza udongo, changanya mbegu na mchanga, umwage bila kufukia sana. Changanya kivumbasi, mgagani na marejea. Mgagani uchume kwa mboga, lakini mingine uiache ichanue. Marejea hurutubisha udongo, na ua lake hufunguliwa na wale nyuki wakubwa weusi watoboao mbao. Aina nyingine za marejea zina sumu kwa mifugo, basi zungushia miiba.

Ua moja usilihurumie: kiduha. Rangi yake ya zambarau hupendeza, lakini hunyonya mizizi ya mtama na mahindi, na mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi. Ling'oe kabla halijazaa, ulichome moto.

Acha kipande kidogo cha ardhi bila kulimwa, na gogo kavu moja au mawili. Nyuki wengi hawakai mzingani. Huzaa ndani ya ardhi na ndani ya miti mikavu.

Wewe ukaaye karibu na machimbo ya Geita, usipande juu ya mchanga uliooshwa dhahabu. Weka chombo cha maji safi chenye vijiti vya kutulia nyuki, wasije wakanywa katika madimbwi yenye zebaki au sianidi. Na dawa ya pamba ipige jioni, nyuki wakiisha kurudi.