Petroli Inavyoingia Kisimani

Tumezoea kusema maji na mafuta hayachanganyiki. Kwa macho ni kweli: petroli ikimwagika kwenye ndoo ya maji huelea na kutandaza rangi za upinde wa mvua. Lakini petroli ni mkusanyiko wa mamia ya kemikali, na baadhi yake huhamia majini kimyakimya.

Ya kuogopwa zaidi ni benzeni, inayosababisha saratani ya damu. Benzeni hupenda kukaa kwenye mafuta kuliko kwenye maji, tena kwa zaidi ya mara mia. Ila hicho kidogo kinachohama kinatosha kudhuru. Petroli yenye benzeni asilimia 1 ikikaa juu ya maji hadi uhamaji ukome, kila lita ya maji hubeba karibu miligramu 20. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.01 kwa lita ya maji ya kunywa. Na benzeni peke yake huanza kunukia majini ikifika kama miligramu 10 kwa lita, yaani mara elfu ya kikomo hicho. Maji yanaweza kuwa maangavu, hayana harufu, na bado yakawa na sumu.

Ndiyo maana navihofia vijiji vya milimani kama Nyabibuye, mkoani Kigoma. Petroli ya bodaboda ikiuzwa kwa chupa na madumu juu mlimani, na watu wakichota maji bondeni, kinachomwagika huku kina njia ya kufika kule. Ardhi ikishainyonya petroli, matone hunasa katikati ya chembe za udongo. Kila maji ya mvua yanapopenya, huondoka na kiasi fulani. Benzeni hutangulia; pakiwa na dizeli au oili chafu pia, kemikali zake nzito hubaki, zikitoka kidogo kidogo kwa miaka.

Wakazi wa Thange, kaunti ya Makueni nchini Kenya, wanalijua hili. Mwaka 2015 bomba la mafuta la Mombasa–Nairobi lilivuja kwao, mafuta yakaingia mtoni na visimani. Kuchota yanayoelea hakutoshi, kwa sababu yaliyonasa ardhini yanaendelea kulisha maji.

Kwa dumu moja lililopinduka, kazi bado ni ndogo: udongo uliolowa uchimbwe siku hiyohiyo na kupelekwa mbali na chemchemi, kabla mvua haijanyesha.