Je, Elimu ya Mungu Ina Rangi?



Siku moja, baada ya somo la wakatekumeni, mama mmoja mzee aliniuliza: «Mwalimu, babu yangu alikufa kabla mapadri hawajafika huku. Alimwomba Mungu kila asubuhi kwa jina tulilopewa na wazee. Sasa yuko wapi?» Nilinyamaza. Mama yule hakujua kusoma, walakini swali lake lilikuwa swali la teolojia.

Teolojia ndiyo elimu ya Mungu: mtu hupokea kwanza neno alilolifunua Mungu, kisha hujitahidi kulifahamu kwa akili. Filosofia ni dada yake. Yeye hutumia akili tu, akiuliza: mtu ni nini? uzima watoka wapi? Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alieleza imani kwa msaada wa filosofia ya Aristoteli, Mgiriki asiyemjua Kristu. Shikeni neno hili, maana litaturudia.

Elimu hiyo haifundishwi kwa siri. Tangu zamani walimu wake husimama mbele ya watu, hupingwa, nao hujibu. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 29 Januari 1960, miezi 5 kabla ya Uhuru wa Kongo, katika chuo kikuu cha Lovanium, karibu na Léopoldville, mji uitwao leo Kinshasa. Padri Tharcisse Tshibangu, mzaliwa wa Kipushi katika Katanga, alikuwa angali mwanafunzi. Padri Alfred Vanneste, Mbelgiji, ndiye aliyekuwa mkuu wa mafundisho ya teolojia. Mwanafunzi mbele ya mwalimu wake! Kwetu kijana hampingi mzee hadharani; lakini pale walishindana kwa hoja, si kwa matusi.

Tshibangu alisema kwamba ufunuo ni mmoja, lakini kila taifa lina namna yake ya kufikiri. Kwa hiyo yaweza kuwako teolojia yenye rangi ya Afrika. Walimu wengi wa siku zile walipenda mfano wa mwashi. Amalizapo ukuta, huacha matofali yakitokeza upande, ili ukuta mwingine upate kushikamana nayo. Katika mapokeo ya wazee wetu, walisema, Mungu ameacha matofali ya namna hiyo.

Vanneste alijibu: kwanza iwe teolojia ya kweli. Kweli ya Mungu ni ya watu wote, na Mwafrika naye ana haki ya kuitafuta yote, asifungiwe katika chumba chake kidogo. Wengine wamemhesabu kuwa mtu wa kutudharau. Mimi sikubali upesi hivyo, kwa kuwa ukuta usio na msingi huanguka kweli. Lakini naona alimsahau kidogo Aristoteli: teolojia aliyoiita ya wote, nayo ilikuwa imevaa nguo za Wagiriki.

Mabishano yao yalichapwa, yakasomwa mbali. Tshibangu alikuwa mmoja wa wataalamu wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, baadaye askofu wa Mbuji-Mayi. Alifariki mwaka 2021. Mwaka 1969 Papa Paulo VI, akiwa Kampala, aliwaambia Waafrika kwamba waweza, tena wapaswa, kuwa na Ukristu wa Kiafrika. Na mwaka 1988 Roma iliithibitisha Misale ya majimbo ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule. Katika Misa hiyo, pamoja na watakatifu, huitwa pia wazee wetu waliomtumikia Mungu kwa moyo mnyofu.

Basi nilirudi kwa yule mama. Nikamweleza kwamba Mtaguso, mwaka 1964, ulifundisha hivi: mtu asiyeijua Injili pasipo kosa lake, akimtafuta Mungu kwa moyo safi na kufuata dhamiri yake kwa msaada wa neema, aweza kupata wokovu. Sikumwambia kwamba babu yake yuko mbinguni. Hilo halimo katika uwezo wa mwalimu. Akauliza kama aweza kumwombea Misa. Nikamjibu ndiyo, nami nitampelekea padri jina. Alilitaja mara mbili, nisije nikakosea kuliandika.