TATIZO LA KULA KUPITA KIASI NA NJIA ZA KULISHINDA

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi kwa jumla, hususan wale wanaosafiri mara kwa mara kwenda Kariakoo, Dar es Salaam, kwa kazi au biashara, wanaelezwa hapa juu ya tatizo la afya ambalo wengi hulificha kwa aibu, nalo ni kula kupita kiasi bila ya uwezo wa kujizuia.

Kula sana siku ya harusi au ya sikukuu si maradhi. Tatizo linalozungumzwa hapa ni la mtu anayekula chakula kingi mno kwa muda mfupi, kwa haraka, hata kama hana njaa, akashindwa kuacha mpaka tumbo limuume, na baadaye akajuta. Mara nyingi hula peke yake ili asionekane. Hali hiyo ikijirudia angalau mara moja kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu, madaktari huihesabu kuwa ni maradhi. Madaktari wa akili wa Marekani waliiweka katika mwongozo wao wa maradhi mwaka 2013, na Shirika la Afya Duniani limeitambua katika orodha yake iliyoanza kutumika Januari 2022. Kwa hivyo, kumwita mgonjwa mlafi hakumsaidii, humzidishia kujificha.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiwango. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa imeongezeka. Si kila mwenye uzito mkubwa ana tatizo hili, na wako watu wembamba walio nalo. Hata hivyo, kula mno kwa muda mrefu huweza kumsogeza mtu karibu na kisukari na shinikizo la damu.

Namna tatizo linavyojijenga huonekana wazi katika safari ya Kariakoo. Msafiri hutoka nyumbani alfajiri bila ya kula, akawahi boti bandarini Malindi, na baada ya safari ya karibu saa mbili huingia moja kwa moja katika mitaa ya Msimbazi, Kongo na Swahili kutafuta bei nafuu. Mchana kutwa hunywa soda tu, ama kwa haraka, ama kwa kubana posho, ama kwa sababu jana alikula mno na leo anajiadhibu. Jioni ifikapo, mishikaki, chipsi mayai, mihogo ya kukaanga na supu ya pweza humkuta akiwa amechoka na ana njaa kali. Hapo sahani moja haimtoshi. Akimaliza huapa kuwa kesho hatakula kitu, na kesho jioni mambo hujirudia. Kwa wengi, mzizi wa kula mno usiku ni njaa ya mchana.

Kutokana na hayo, wananchi wanashauriwa kufuata hatua zifuatazo:

Kwanza, kula kwa saa maalumu. Milo mitatu na vitafunio viwili kwa siku hutosha, bila ya kupitisha zaidi ya saa nne mchana pasipo kula. Anayesafiri anywe chai kwa muhogo wa kuchemsha au yai kabla ya kupanda boti. Adhuhuri akae kwa mama lishe ale wali, maharage, mchicha na samaki. Alasiri ale chungwa au ndizi.

Pili, kuweka daftari dogo. Humo huandikwa saa, mahali, chakula kilicholiwa na hali ya moyo wakati huo. Baada ya wiki mbili mtu hutambua kama kinachomsukuma ni njaa, hasira, upweke au uchovu.

Tatu, kukaa chini na kula kwa sahani, badala ya kununua hiki na kile huku ukitembea. Wanaonunua biskuti kwa katoni kwa ajili ya maduka yao wasizifungue wala kuzilaza chumbani mwao.

Nne, kuahirisha. Hamu ya kula hupanda na mara nyingi hushuka yenyewe. Inapokuja, mtu angoje nusu saa kwa kutembea, kusali au kuzungumza na mwenzake.

Tano, kutojiadhibu. Aliyeteleza ale mlo unaofuata kwa saa yake kama kawaida. Kujitapisha, kunywa dawa za kuharisha au kununua mitaani dawa za kupunguza uzito ni hatari.

Katika mwezi wa Ramadhani, mwenye tatizo hili asiache daku, na wakati wa kufuturu aanze kwa tende na maji, asali, kisha ale mlo mmoja uliopangwa. Mwenye kisukari aonane na daktari kabla ya kuanza kufunga, kwani dawa zake huenda zikahitaji kubadilishwa.

Wakuu wa kazi nao wanaombwa wasiendeshe mikutano hadi alasiri bila ya mapumziko ya chakula, na wasiruhusu mfanyakazi kufanyiwa mzaha kwa ajili ya mwili wake.

Ambaye hatua hizi hazikumtosha asingoje. Unguja anaweza kuanzia Hospitali ya Mnazi Mmoja, na Dar es Salaam anaweza kwenda Amana au Muhimbili. Amweleze daktari waziwazi kuwa anashindwa kujizuia kula, asiishie kutaja uzito tu, kwa sababu matibabu yenye manufaa ni mazungumzo ya mfululizo na mtaalamu wa afya ya akili, na hayo hayataanza ikiwa tatizo halikutajwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.