Mpigaji Ala Nyuma ya Mwimbaji: Ustadi na Kujitolea katika Vikundi vya Taarab

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili aghalabu huijua taarab kupitia karatasi. Shairi la wimbo huandikwa ubaoni, beti zikahesabiwa, vina na mizani vikapimwa, kisha mafumbo yakafumbuliwa: nani anamsema nani, kwa sababu gani na kwa ufundi upi. Mkabala huu umezaa tasnifu nyingi na manufaa yake si haba. Hata hivyo, umemwacha nje mtu ambaye bila yeye shairi hilo lisingalimfikia msikilizaji kama taarab, naye ni mpigaji ala. Makala haya yanamwangazia mpigaji huyo, hususan katika vikundi vikubwa vya Unguja, kwa nia ya kueleza ujuzi anaouhitaji, gharama anayoilipa ili aupate, na jinsi ujuzi huo unavyoligusa shairi lenyewe.

Kwa mujibu wa masimulizi yanayotajwa sana, Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kati ya 1870 na 1888, ndiye aliyeleta wanamuziki kutoka Misri na baadaye kumpeleka Mohamed Ibrahim jijini Cairo akajifunze kupiga kanuni. Hata kama masimulizi haya yametiwa chumvi kidogo, yanabeba jambo la maana: tangu mwanzo taarab ilihesabiwa kuwa fani ya kusomewa. Mtu alivushwa bahari kwa ajili ya ala moja. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka wa 1905, na Culture Musical Club ikafuata mwaka wa 1958. Baina ya miaka hiyo sura ya kundi ilibadilika mno. Siti binti Saad na wenzake waliporekodi sahani za santuri huko Bombay mwaka wa 1928, walikuwa kundi dogo la watu wachache. Baadaye, kutokana na filamu, sahani na matangazo ya redio kutoka Cairo, vikundi vya Unguja vilivutiwa na okestra kubwa za Misri za akina Umm Kulthum na Mohamed Abdel Wahab. Fidla zikaongezeka zikawa safu nzima. Selo, besi na akodiani zikaingia kando ya udi, kanuni, nai, dumbaki na rika. Kundi la watu zaidi ya ishirini likawa jambo la kawaida.

Wingi huu usimpotoshe msomaji akadhani kwamba kila mmoja anapiga lake. Katika taarab ya namna hii ala zote za sauti huifuata sauti moja. Udi, kanuni, fidla na nai huenda njia moja, ila kila ala huiremba njia hiyo kwa tabia yake: fidla huiteleza, kanuni huitawanya kwa midundo midogo ya haraka, udi huikata kwa uzito. Kosa la mmoja halina pa kujificha. Fidla nane zikiwa pamoja na moja ikapanda kidogo kuliko wenzake, hata mtu asiyejua muziki atahisi kuwa pana jambo lisilo sawa.

Ugumu wa kwanza basi ni wa sikio. Udi hauna vigawanyo shingoni vya kumwonyesha mpigaji mahali pa kuweka kidole, fidla vilevile. Taarab inatumia, pamoja na mambo mengine, njia za sauti zilizotoka Uarabuni kama vile rasti, bayati na hijazi, na baadhi ya njia hizo zina sauti zinazokaa katikati ya zile mbili zinazokaribiana kwenye kinanda cha Kizungu. Sauti hizo za katikati hazionekani kwa jicho. Mpigaji huzipata kwa kusikiliza miaka mingi, akakosea na kusahihishwa na mwalimu wake. Kanuni nayo ina nyuzi zaidi ya sabini, zilizofungwa tatu tatu kwa sauti moja, na pembeni mwake mna vichuma vidogo ambavyo mpigaji huvinyanyua au kuvilaza ili kubadilisha sauti, mara nyingine katikati ya wimbo huku mkono wa pili ukiendelea kupiga. Kuitia sauti peke yake ni kazi. Hewa ya pwani ni ya unyevu, nyuzi hulegea, na mpigaji wa kanuni ambaye hakuwahi kufika kabla ya wenzake huwachelewesha watu wote.

Mtihani mkubwa wa kundi ni bashrafu, kipande cha ala tupu kisicho na maneno ambacho asili yake ni muziki wa Kituruki na ambacho kwa desturi hufungulia onyesho. Bashrafu ina sehemu kadhaa, na baada ya kila sehemu hurejea kipande kilekile, mithili ya kibwagizo kinavyorudi baada ya kila ubeti. Mwanafunzi wa ushairi angeutambua muundo huo mara moja. Kwa kuwa hapana mwimbaji wa kuwafichia aibu, wapigaji huonekana walivyo. Ndiyo maana wapenzi wa zamani wa taarab walikuwa wakilipima kundi kabla neno moja halijaimbwa.

Mpigaji anaweza kuimudu bashrafu na bado asifae kumpigia mwimbaji, na hapa ndipo penye kiini cha suala hili. Shairi la taarab kwa kawaida huwa na beti fupi, zenye mishororo iliyogawanyika vipande viwili vya mizani minane minane au sita sita, pamoja na kibwagizo. Baada ya mwimbaji kumaliza kipande au mshororo, ala hujibu kwa kifungu kifupi, kisha humwachia tena nafasi. Majibu hayo ndiyo yanayompa msikilizaji muda wa kutafuna maneno. Sasa tuseme mpigaji wa fidla ana vidole vyepesi lakini hajui shairi. Mwimbaji akiuvuta mwisho wa kipande ili kina kisikike vyema, fidla itamrukia. Kina kitamezwa, na pamoja nacho fumbo. Katika ushairi ambao aghalabu neno la mwisho ndilo lenye mwiba, hasara hiyo si ndogo. Mpigaji aliyekomaa huyajua maneno yote kwa moyo ingawa hatayaimba kamwe. Huhesabu mizani bila ya kuonekana anahesabu. Hujua pia mahali ambapo hapaswi kupiga kitu, na ujuzi huu wa kunyamaza ndio unaochelewa kuja kwa vijana walio wengi.

Kuna jambo jingine ambalo halipo kwenye karatasi. Wasikilizaji wa taarab hawaketi kimya. Huinuka, wakasogea jukwaani kwa madaha, wakamtunza mwimbaji pesa pale mshororo fulani unapowagusa au wanapotaka umguse mtu mwingine. Askew (2002), katika utafiti wake wa vikundi vya pwani ya Tanzania, ameonyesha kwamba kutunza ni namna ya hadhira kuyachukua maneno ya wimbo na kuyaelekeza inakotaka. Kwa upande wa wapigaji, desturi hii ina maana ya kazi ya ziada. Watu wakiwa wengi mbele ya jukwaa, mwimbaji hurudia mshororo au kibwagizo mara asizopanga. Kundi zima linapaswa kurudi naye papo hapo, bila karatasi na bila kuambiana. Anayelitazama jambo hili kwa makini ataona kwamba mipaka ya wimbo usiku huo inawekwa na watu watatu: mtunzi, mwimbaji na mtunzaji, nao wote wanabebwa na wapigaji ambao aghalabu hawatajwi. Wala si wao wanaotunzwa.

Ni nini basi kinachomfanya mtu abaki? Swali hili ni la haki, maadamu riziki haipo. Vikundi vikongwe vya Unguja vimeendeshwa kama vyama: vina wanachama, viongozi na jengo la kukutania, na ala nyingi huwa ni mali ya chama. Mchana wanachama huwa na shughuli zao, huyu ofisini, yule karakanani, mwingine darasani. Jioni hukutana mazoezini. Wimbo mpya huletwa kwa hatua. Mtunzi huleta shairi, mwingine hulitilia sauti, kisha wapigaji hufundishwa kifungu kwa kifungu hadi wakishike. Kundi la watu ishirini lina udhaifu wa hesabu: wawili wakikosa kuja kila jioni, wimbo hauivi. Kwa sababu hiyo kuhudhuria kumekuwa sehemu ya ustadi wenyewe. Mpigaji hodari anayekuja apendapo huonekana mzigo, na yule wa wastani asiyekosa hata siku moja hupewa heshima ambayo mgeni hataielewa kwa urahisi.

Wengi hawakuanzia kwenye okestra. Walianzia kwenye kidumbaki, kundi dogo la harusini lenye ngoma mbili ndogo, fidla na besi ya sanduku. Huko mpigaji wa fidla hulazimika kupiga saa nyingi mfululizo akiwachezesha watu. Huko vidole hupata nguvu, na huko pia hujifunza kuisoma hadhira. Baadhi ya wapenzi wa taarab wamekidharau kidumbaki kwamba ni taarab ya watu duni. Dharau hiyo haina msingi. Okestra nyingi zimekula jasho lake.

Mombasa na Lamu mambo yamekuwa tofauti. Kundi kwa kawaida huwa dogo na hujulikana kwa jina la mwimbaji wake, nalo huishi kwa harusi. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka wa 2016, alikuwa mwimbaji na mpigaji wa udi kwa pamoja, hivyo mkono na mdomo vilikuwa vya mtu mmoja. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka wa 2014, alijulikana kwa nyimbo zenye sauti za Kihindi. Katika kundi la Zuhura Swaleh ilisikika taishokoto, ala ya nyuzi yenye vibonyezo iliyotoka Japani. Mpigaji wa kundi dogo hana safu ya kumsitiri, na pengo la ala zisizokuwepo hulijaza yeye.

Kuanzia miaka ya 1990 kinanda cha umeme kilishika hatamu katika kile kinachoitwa taarab ya kisasa. Sababu zake si za siri. Kusafirisha na kulisha watu sita ni rahisi kuliko ishirini na watano, na kinanda kimoja hutoa sauti zinazofanana na fidla, nai na akodiani. Si haki kusema kwamba wapigaji wake hawana ustadi. Baadhi yao wana wepesi wa ajabu. Lakini kinanda cha kawaida kina sauti zilizokwisha kukatwa, na zile sauti za katikati za rasti na bayati hupotea kisipopangwa upya. Midundo nayo hutoka kwenye mashine, na mashine haimsubiri mwimbaji amalize kuvuta kina. Mwimbaji ndiye anayeifuata. Wahakiki wanaolalamikia uwazi wa mipasho na kulegea kwa mafumbo wangefanya vyema kuichunguza sababu hii pia, badala ya kuwatwika watunzi lawama zote.

Mwaka wa 2002 kilifunguliwa katika Mji Mkongwe chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kijulikanacho kama Dhow Countries Music Academy, ambacho kimefundisha udi, kanuni, fidla na ala nyinginezo kwa vijana wa kike na wa kiume. Suala la jinsia ni la kutiliwa mkazo, kwa kuwa kwa miongo mingi wanawake katika vikundi waliimba na wanaume ndio waliopiga. Kikundi cha Tausi, kilichoanzishwa na Mariam Hamdani mwaka wa 2009, kiliwaweka wanawake mbele ya ala zote. Njia ya chuo hata hivyo haikuwa nyepesi. Mwaka wa 2019 kilitangaza kuwa kimo hatarini kufungwa kwa uhaba wa fedha, wengi wa wanafunzi wake wakiwa hawamudu karo.

Wale waliohitimu wanahitaji kula, na soko lililo karibu ni la hoteli za kitalii. Humo kundi huwa la watu wanne au watano, na hadhira ni wageni wasiojua Kiswahili. Kanuni husikilizwa kwa makini, na mpigaji hupigiwa makofi ambayo mwalimu wake hakuyapata katika maisha yake yote. Shairi ndilo linalofupishwa: beti mbili badala ya sita, ala zikalijaza pengo lililobaki.