Ngoma, Diski na Kitenzi "Kufunga": Kubadili Breki za Nyuma za Land Rover

Breki ni nomino ya ngeli ya I/ZI: breki imeshika, breki zimeshika. Neno lenyewe limekopwa kutoka Kiingereza, lakini jina la aina yake kongwe zaidi katika magari ya kazi ni la Kibantu kabisa. Ngoma ya breki ni chungu kipana cha chuma, kilicho wazi upande mmoja, kinachozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna viatu viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, vilivyobandikwa lainingi. Dereva akikanyaga pedali, viatu hutanuka na kusugua ukuta wa ndani wa ngoma. Gereji nyingi husema dramu na breki shuu. Maandishi rasmi yatumie ngoma na viatu vya breki, nayo yataeleweka pia kwa fundi.

Diski ni bamba la mviringo lililo wazi, linalopigwa na upepo. Halisukumwi kutoka ndani bali hubanwa kutoka pande mbili na padi zilizoshikwa na kalipa. Tofauti hii ya vitenzi inafaa kukumbukwa: viatu hutanuka, padi hubana. Takriban kila jambo linalofuata linatokana nayo.

Mfano mzuri wa safari ya kutoka ngoma hadi diski ni Land Rover. Gari hilo lilipotolewa mwaka 1948 lilikuwa na ngoma katika magurudumu yote manne, na ndivyo yalivyobaki matoleo ya Series hadi la tatu, lililokoma mwaka 1985. Range Rover ya mwaka 1970 ilikuwa na diski pande zote. One Ten ya mwaka 1983 ilipewa diski mbele, nyuma ikaachiwa ngoma; hata jina Defender lilipoanza kutumika mwaka 1990, nyuma palikuwa bado na ngoma, na diski zilifika huko miaka michache baadaye. Kwa hiyo yapo magari mengi ya miaka ya 1980 yenye breki za namna mbili, na wenyewe hutamani kuyafikisha pale kiwanda kilipofikia baadaye, mara nyingi kwa vifaa vya Defender ya karibuni zaidi.

Sababu kubwa ni maji na joto. Gari likivuka mto, ngoma hujaa maji na tope, na lainingi iliyolowa hushika kwa shida hadi ikauke. Diski huyatupa maji mara gurudumu linapoanza kuzunguka. Kwenye mteremko mrefu, ngoma inayopata joto hupanuka na kuvikimbia viatu, pedali ikazidi kwenda chini. Diski ikipata joto huongezeka unene kuelekea padi. Hata hivyo ngoma si duni kwa kila jambo. Mchanga mkavu na changarawe hula padi zilizo wazi haraka kuliko viatu vilivyofunikwa. Zaidi ya hayo, ngoma inajisaidia: mzunguko wake hukivuta kiatu kinachotangulia na kukikandamiza zaidi, kwa hiyo mguu wa dereva hufanya kazi ndogo. Diski haina msaada huo. Yote inayopata hutoka kwenye mfumo wa mafuta.

Hapo ndipo kitenzi kufunga kinapoanza kuleta utata. Kwa dereva, kufunga breki ni kusimamisha gari: "alifunga breki ghafla". Kwa fundi, kufunga diski ni kuziweka mahali pake na kukaza bolti. Tena husemwa "nyuma inafunga", kwa maana kwamba gurudumu la nyuma limeacha kuzunguka ilhali gari lingali linakwenda. Maana ya kwanza ni tendo la kawaida, ya pili ni kazi ya gereji, ya tatu ni hatari. Mteja akirudi na kusema "breki za nyuma sasa zinafunga kwelikweli", fundi anaweza kupokea kama sifa jambo ambalo ni malalamiko. Ni afadhali kutenganisha: pedali hukanyagwa, breki hushika, vifaa hufungwa, na gurudumu lililoganda litajwe kwa maneno kamili kwamba limeacha kuzunguka.

Hatari hiyo si ya maneno matupu. Gari linapopunguza mwendo, uzito huhamia mbele na nyuma hubaki jepesi. Kwenye mteremko mkali huwa jepesi zaidi. Magurudumu ya nyuma yakiacha kuzunguka kabla ya ya mbele, tairi hupoteza mshiko wa pembeni na mkia wa gari hutaka kutangulia. Kwa sababu hiyo viwanda huruhusu breki za nyuma zifanye kazi ndogo kuliko za mbele, tena kwa makusudi. Anayebadili breki za nyuma peke yake anagusa mizani iliyopimwa kwa gari zima, hata kama alichonunua ni kasha moja la vifaa.

Kazi yenyewe kwenye ekseli ya Land Rover haina fumbo. Gari likishapandishwa na kuegemezwa kwenye stendi madhubuti, magurudumu hutolewa, kisha ngoma, shafti za ekseli, habu, na bamba la nyuma linalobeba viatu. Mahali pa bamba hilo hufungwa kibebeo cha kalipa. Diski hukazwa upande wa ndani wa habu, jambo ambalo humlazimu fundi kufungua habu yote kila diski inapokwisha. Kwa kuwa habu imekwisha kufunguliwa, sili na beringi zenye shaka hubadilishwa hapohapo. Sili inayovuja mafuta ya ekseli huilowesha diski, na diski iliyolowa mafuta haishiki. Vumbi la lainingi kuukuu lisipulizwe kwa upepo wa kompresa, kwani lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu.

Ugumu uko kwenye masta silinda. Vitabu vya fizikia vya Tanzania vina neno kanieneo, lililoundwa kwa kuunganisha kani na eneo, na hapa neno hilo hueleza zaidi kuliko presha ya mitaani. Kanieneo ileile ikisukuma pistoni yenye eneo kubwa hutoa kani kubwa, lakini pistoni hiyo hudai mafuta mengi zaidi ili isogee. Pistoni za kalipa zina eneo kubwa kuliko za silinda ndogo za ngoma. Kwa hiyo masta silinda iliyokusudiwa ngoma inaweza kuishiwa na mwendo kabla padi hazijabana sawasawa, na pedali ikafika chini. Ikiwekwa yenye kipenyo kikubwa zaidi, pedali hupanda, lakini mguu hulazimika kukanyaga kwa nguvu zaidi. Busta yenye afya ndiyo huleta nafuu.

Kuna pia vali ndogo ambayo husahauliwa. Baadhi ya mifumo ya ngoma huhifadhi kanieneo kidogo kwenye bomba hata pedali inapoachiwa, ili mpira wa silinda ukae imara na viatu visirudi mbali. Kanieneo hiyo ikibaki kwenye kalipa, padi hazitaachia. Gari litakwenda likijiburuza, diski zitaungua, na mafuta ya breki yatachemka. Vali ya kupunguza nguvu za nyuma nayo ilipangwa kwa ngoma. Lazima ilingane na diski au ibadilishwe na inayolingana nazo.

Jina mafuta ya breki linahitaji tahadhari yake. Kiswahili hutumia mafuta kwa petroli, kwa samli, kwa oili ya injini na kwa kinachopakwa kichwani. Kimiminika cha breki cha aina ya DOT 3 au DOT 4 si mafuta kwa maana hizo: hakitokani na oili ya petroli, hufyonza unyevu wa hewa, na huchubua rangi ya bodi. Oili ya injini ikitiwa humo "kwa kuwa yote ni mafuta", mipira ya mfumo huvimba na breki zote nne huharibika. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo mbili. Kamusi haiwezi kulifuta jina lililokwisha kuzoeleka, ila orodha ya vifaa iandike daraja la DOT kando yake.

Mabomba yakishaunganishwa hufuata kutoa upepo. Watu wawili hufanya kazi hiyo kwa amri fupi, na "funga" isiwe mojawapo isipokuwa kwa skrubu ya kalipa. Aliye ndani huambiwa kanyaga, kisha shikilia. Skrubu hufunguliwa, upepo hutoka, skrubu hufungwa, ndipo huambiwa achia. Akiachia kabla ya hapo, upepo hurudi ndani.

Breki ya mkono huwahangaisha wenye magari ambayo breki hiyo huvuta viatu vilevile vya nyuma. Kwao, kuondoa ngoma ni kuondoa na breki ya kuegeshea, na lazima itafutwe kalipa yenye waya au diski yenye ngoma ndogo katikati. Land Rover za aina inayoelezwa hapa hazina shida hiyo. Breki yao ya mkono imekaa nyuma ya sanduku la transfa na hushika propela, mbali na magurudumu. Gari lililokwisha kufungwa diski nne kwa hiyo bado lina ngoma moja, chini ya sakafu.

Jaribio la kwanza hufanywa mahali tambarare pasipo watu, kwa mwendo mdogo, msaidizi akisimama mbali kando ya njia. Anachotazama ni kimoja: magurudumu yapi yanaacha kuzunguka kwanza. Yakiwa ya nyuma, gari hurudi gerejini.